Rangi ya nywele inapita mpaka, nani anaiangalia?



Leo hatutazungumza juu ya barabara wala umeme. Tutazungumza juu ya kichwa chako, kichwa chenyewe.

Iko kemikali moja inaitwa parafenilenidiamini. Kwa ufupi wanaandika PPD. Ndiyo inafanya rangi ya nywele ikuwe nyeusi na isitoke na maji. Mtu mmoja anaipaka miaka bila shida, mwingine mwili wake unaikataa: ngozi inawasha na kutoa malengelenge, uso unavimba, macho yanafunga. Na mwili ukisha kuikataa, kwa kawaida utaikataa maisha yote. Kuinywa ndiyo mbaya zaidi, inaua.

Kule Ulaya, PPD haiwezi kupita 2% wakati rangi inapakwa kichwani, na kuipaka kwa ngozi ni marufuku. Pakiti lazima iseme kwamba si ya watoto wenye chini ya miaka 16. Marekani walilipa bei: miaka ya 1930, rangi ya kope yenye jina Lash Lure iliharibu macho ya wanawake, wengine wakapofuka. Hiyo ni moja ya sababu walipiga sheria ya 1938.

Na siye? Unga mweusi unauzwa ndani ya sasheti bila jina la kiwanda, ao maandishi ni ya lugha ambayo hakuna mtu anasoma hapa. Wengine wanauchanganya na hina ili maua ya bibi-harusi yakolee haraka. Lakini hina ya kweli inatoa rangi ya machungwa ao kahawia. Ikitoka nyeusi tii kwa saa moja, dada, uliza wameweka nini.

Hatupigani na mama anayeuza. Yeye anatafuta minerval ya watoto, na hakuna aliyemwelezea. Swali letu linaenda Kasindi, kwa OCC, yenye kazi ya kuangalia ubora wa bidhaa zinazoingia, na wafanyabiashara wanalipa kwa kazi hiyo. Tunataka sasheti isiyo na etiketi isipite. Tunataka matokeo ya maabara yabandikwe pale raia wanaweza kuyasoma.

Jumamosi tutapita saluni kwa saluni. Kila mtu apige picha ya pakiti, mbele na nyuma, alete. Barua itaondoka Jumatatu pamoja na hizo picha.