Kurudi Kitabuni kwa Njia ya Masikio
Mhadhara wa umma, Luano

Uwanja wa ndege uko jirani. Nikinyamaza ghafla msidhani nimesahau, ninaipisha ndege.

Nianze kwa kukiri. Nilipopata shahada ya mwisho nilikaa miaka bila kumaliza hata kitabu kimoja kisichokuwa cha kazi. Ripoti nilisoma, tasnifu za wanafunzi nilisahihisha. Kitabu cha hamu yangu nilikifungua usiku, nikafika ukurasa wa nne, nikasinzia. Nililaumu simu, nikalaumu umeme. Umeme uliporudi, sikukifungua.

Kilichonirudisha ni kijitabu cha hapahapa. Mwaka 1965, mji wetu wa Lubumbashi ukiwa bado unaitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Jina la kijitabu ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ndani ni Kiswahili chetu, kile cha mitaa ya Kenya na Kamalondo. (Kenya ninayoitaja ni ile ya soko letu, wageni wasichanganyikiwe.) Kilipigwa taipu, kikarudufishwa. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu chetu, alikitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mara ya kwanza kilinishinda. Maneno yameshikana pasipotarajiwa, mengine yamekatwa vipande, vituo ni vichache, jicho linajikwaa. Fabian naye hakulitegemea jicho peke yake: Kalundi Mango alikisoma kwa sauti, na katika kusikiliza maneno yakapata mipaka yake. Nikaiga. Nikaketi uani nikasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto anayemsomea bibi yake barua. Mama jirani akauliza ninagombana na nani. Lakini pale nilipokuwa nikiona msongamano wa herufi, sasa nilimsikia mzee anasimulia, anapumua, analirudia jambo lililomuuma. Siku ile nilisoma kurasa mbili. Kesho yake nikazitafuta mbili nyingine.

Ndipo nikaelewa kwamba sisi wa Lubumbashi hatukuacha kusoma kwa uvivu. Shuleni, kusoma kulikuwa kukaa kimya mbele ya Kifaransa, na kuandika kulikuwa kuiogopa kalamu nyekundu. Mtihani ukiisha woga unakwisha, na tabia inaondoka nao. Hata anayetaka kuandika Kiswahili huona cha kwao hakistahili karatasi, mpaka kwanza ajifunze cha Unguja. Mimi mwenyewe, mnanisikia, nazungumza cha vitabuni, sijapona. Yav hakungoja kupona. Wala vijana wetu hawangoji: kutwa wanaandikiana kwenye simu kwa Kiswahili cha mtaani, Kifaransa kikiingia na kutoka, na hakuna anayewasahihisha. Mkono haujafa. Unakosa tu mahali ambapo maneno yatakaa kupita kesho.

Kwa upande wa kuandika nina daftari la shule, la bei ndogo. Jioni, kabla ya kula, naandika mistari mitano ya yale yaliyosemwa nyumbani siku hiyo, jinsi yalivyosemwa. Niliyoikosa siilipi. Mara mbili nilizoanza zamani nilikufa kwa deni: nilikosa siku tatu, nikajidai mistari kumi na mitano, nikalifungia daftari kabatini.

Nimekuja na nakala ya kijitabu. Nilitaka kuwasomea mwenyewe, lakini nimemwona hapa mbele mzee mmoja ambaye Kiswahili hiki ni cha ujana wake. Baba, tafadhali sogea kwenye kipaza sauti, utusomee ukurasa wa kwanza. Usiharakishe. Ndege ikipita, tutakungoja.