Kudai Chumvi na Kuvumilia Chumvi



Mwenzetu mmoja ninayemheshimu alisimama katika kikao akasema kwamba maziwa ya chumvi ya Singida hayana biolojia ya maana. Hoja yake ni fupi: chumvi huua, ndiyo maana samaki hutiwa chumvi, kinachoishi humo ni viumbe vya maji baridi vilivyozoea shida. Saa yangu ya leo nitaitumia kuipinga hoja hiyo. Osmosisi, na madaraja ya Kushner yanayopanga vijiumbe kwa kiasi cha chumvi wanachokihitaji, mnayajua, sitayarudia.

Nianze na samaki, kwa kuwa ndiye shahidi wake mkuu. Ng'onda aliyetiwa chumvi ya jua, akikaa penye joto na unyevu, mara nyingine huota madoa mekundu na kunuka. Wekundu ule ni arkea wa jamii ya Halobacterium, nao hawakutoka mikononi mwa muuzaji. Waliingia wakiwa ndani ya chumvi yenyewe, wakiwa hai katika punje zake. Ile kinga tuliyoitegemea ndiyo iliyowabeba waozeshaji.

Mwenzangu atajibu kwamba huo ni uvumilivu mkubwa tu. Lakini mvumilivu ukimpunguzia mzigo hustawi. Arkea huyu ukimpunguzia chumvi, anakufa. Maabara humwandalia gramu 250 katika lita moja, ilhali bahari ina 35. Ukiteremka hadi chini sana ya gramu 100, umbo lake la kijiti hugeuka duara, kisha seli inapasuka na kubaki ute.

Upo utetezi wa pili, na huu ni wa kistadi zaidi: kwamba kiumbe huyu amezoea ukavu, na chumvi ni njia mojawapo tu ya kuyafunga maji. Watu wa Singida wanaweza kuupima utetezi huu kwa kitu wanachokijua, yaani asali. Asali iliyoiva ina maji chini ya sehemu 20 kwa 100, na maji yake yamefungwa zaidi kuliko ya chumvi iliyokolea kabisa. Kama ukavu ndio siri, basi sukari nayo ingemfaa. Watafiti wa miaka ya 1960 walijaribu: waliondoa chumvi, wakaweka sukari yenye nguvu ileile ya kuvuta maji. Seli zilipasuka vilevile. Kinachodaiwa ni chumvi yenyewe, na hasa sodiamu.

Hitaji hili la chumvi nimeliona kwa macho yangu. Bibi yangu alikuwa akikwangua udongo mweupe ukingoni mwa ziwa Singidani wakati wa kiangazi, akiutia kwenye chungu kilichotobolewa kitakoni, akiumiminia maji na kuchemsha yale yaliyochuruzika. Kwenye vidimbwi vilivyokaribia kukauka palikuwa na utando wa rangi ya waridi, naye alitukataza kuuchota, akisema chumvi yake huwahi kuharibu nyama. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi, nilipeleka utando kama ule maabara. Tuliupanda kwenye agari ya kawaida, ile yenye gramu 5 za chumvi kwa lita. Hakikuota kitu, na kwenye daftari tukaandikiwa kwamba sampuli haina uhai. Nilirudia peke yangu kwa gramu 250. Sahani zilikaa wiki mbili bila dalili, kisha yakajitokeza makoloni mekundu madogo kama mbegu za ulezi. Sampuli ilikuwa hai tangu mwanzo. Tulichoinyima ni chumvi.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwenye vimeng'enya. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nataka kuzungumzia makala moja ambayo nimeisoma kila mwaka tangu nianze kufundisha: ile ya Lanyi ya mwaka 1974 kuhusu protini za vijiumbe hawa. Watafiti Christian na Waltho walikwisha kupima mwaka 1962 na kukuta ndani ya seli zao potasiamu iliyojaa kupita kiasi. Kwa hiyo vimeng'enya vyao hufanya kazi ndani ya brini, bila pa kujificha. Nyuso za protini hizo zimejaa asidi amino zenye chaji hasi, zinazosukumana. Maelezo ya awali, ya Baxter, yalisema chumvi hutuliza msukumano huo. Lanyi hakuikana hoja hiyo. Aliuliza inafika wapi. Kazi ya kutuliza chaji hukamilika mapema, karibu na nusu moli kwa lita, yaani gramu 30 hivi. Mbona basi vimeng'enya vingi huendelea kudai chumvi hadi mara nne, mara sita ya hapo? Jibu lake: sehemu za ndani zinazokimbia maji ni dhaifu katika protini hizi, na chumvi nyingi ndiyo inayozibana zishikane. Uzuri wa makala ile ni kwamba kila dai linapimwa kwa aina ya chumvi iliyotumika, si kwa kiasi chake tu.

Haki itendeke. Wapo vijiumbe wengi wa maji ya chumvi wanaoisukuma chumvi nje na kujaza molekuli kama ektoini au gliserini ndani. Vimeng'enya vyao vya ndani havitofautiani sana na vyetu, na kwa hivyo mwenzangu ana sehemu ya ukweli. Hata hivyo wengi wao huitaka sodiamu kwenye utando wa seli, kuvutia chakula ndani. Nimepima pande zote mbili na bado nasimama nilipokuwa: kwa wakazi wa kweli wa maji haya, chumvi ni sehemu ya mwili.

Ombi langu kwa maabara zetu ni dogo. Atakayekwenda kwenye ziwa Singidani au Kindai kuchukua sampuli, apike agari mbili: moja ya kawaida, na moja ya gramu 250. Na asioshe seli zake kwa maji yaliyotoneshwa. Atazimwaga pamoja na maji.