MZANI WA PILI: MWANDISHI HURU NA MAJI YA MTO TIGITHE

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Nyamisangura, Tarime)



Mkulima asiye na mzani hulazimika kukubali hesabu ya mnunuzi. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilitambua jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walipochoshwa na mizani ya wafanyabiashara, waliweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Kutokana na juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vyama vya ushirika vilienea katika Kanda ya Ziwa. Upimaji wa pili haukuwa uadui kwa mnunuzi mwaminifu. Ulikuwa kinga ya haki.

Habari nazo zahitaji mzani wa pili. Mwezi Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo, yakaingia Mto Tigithe, ambao maji yake huenda Mto Mara na hatimaye Ziwa Victoria. Wanavijiji walisema kuwa watu na mifugo walikufa. Kampuni ilikana vifo hivyo, ikaeleza kuwa wezi waliiba utando uliotandikwa bwawani. Mchungaji hana maabara wala msemaji. Ni mwandishi huru anayefika mtoni, akamsikiliza mchungaji, akaiuliza kampuni, akatafuta majibu ya wapimaji wa maji, kisha akayaweka yote mbele ya wasomaji.

Kazi hiyo si nyepesi. Mwezi Juni 2019, magazeti ya nchi mbalimbali yaliyoshirikiana chini ya Forbidden Stories, shirika lenye makao yake Paris, yalieleza jinsi waandishi kadhaa waliofuatilia habari za mgodi huo walivyotishwa au kuzuiwa. Kabla ya hapo, mwezi Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya uvujaji wa bwawa la topesumu. Na mwezi Julai likazuia matumizi ya bwawa hilo. Aliyetoza faini ni Baraza, si gazeti. Lakini habari iliyochapishwa huzuia malalamiko ya kijiji yasizikwe kijijini.

Uhuru wa mwandishi hupotea kwa njia ndogo: gari la kampuni, posho ya mwanasiasa, hata zawadi ya mlalamikaji. Kwa hiyo chama kinachotaka mgodi uchunguzwe kikubali pia ghala na vitabu vyake vichunguzwe.

Wajibu wa vyama vya msingi ni huu. Maji yakibadilika rangi au ng'ombe wakifa, katibu aandike siku, mahali na idadi, na bwana mifugo aitwe mara moja. Chama kiombe matokeo ya vipimo kwa barua, kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Nakala za barua na majibu zitunzwe ofisini. Mwandishi akija, apewe kumbukumbu, si uvumi.

Ushirika ulianza kwa kudai mzani wa haki. Kazi hiyo haijaisha.