Vijimeno Kwanza, Zinki Baadaye: Umaliziaji wa Vifaa vya Chuma katika Karakana za Bonde la Kilombero



1. Utangulizi

Mkulima wa Lumemo, hapa Ifakara, hukaza na kulegeza vifaa vya pampu ya maji na mashine ya kukoboa mpunga akiwa na mikono yenye tope au oili. Masika Mto Lumemo ukifurika, chuma kitupu hushika kutu mapema. Mkono usiteleze, tunatia vijimeno vya kushikia. Kutu isile, tunavika zinki. Hoja yangu ni kwamba kazi hizi mbili zipangwe pamoja, kabla chuma hakijafungwa kwenye mashine.

Vijimeno hutiwa kwenye mashine ya kukereza, na ukerezaji si mgeni bondeni. Reli ya TAZARA ilipojengwa, 1970 hadi 1975, Wachina waliweka karakana ya mashine Mang'ula.

2. Kutia vijimeno

Rola mbili ngumu, zenye meno yaliyolalia pande tofauti, hukandamizwa kwenye chuma kinachozunguka. Kwa kawaida hazikati, bali husukuma chuma kiinuke. Ndiyo maana kipenyo huongezeka. Zungusha polepole na umimine oili.

Meno yakishindwa kurudi kwenye alama zake baada ya mzunguko mmoja, sura huvurugika. Kinga yake ni hesabu. Chuma cha kipenyo cha milimita 30 kina mzingo wa milimita 94.2. Ukitumia rola yenye nafasi ya milimita 1.5 kati ya jino na jino, unapata meno 62.8. Kereza kwanza hadi milimita 29.6, upate 62 kamili. Jaribu kwenye kipande cha chakavu kabla ya kazi ya mteja.

3. Kuvika zinki

Zinki huliwa badala ya chuma, hata panapokwaruzika kidogo. Kwa njia ya umeme, utando huwa wa takriban mikroni 5 hadi 25. Kwa kuchovya katika zinki iliyoyeyushwa, kwenye nyuzijoto 450 hivi, utando huwa mnene zaidi, nao huziba vijimeno vidogo. Kwa hiyo vifaa vyenye vijimeno vidogo vivikwe kwa umeme. Vya kuchovywa vitiwe vikubwa na vyenye kina.

Umeme nao una upendeleo: zinki hujaa kwenye ncha na kuwa haba miferejini, na kutu huanzia huko. Oili iliyobaki miferejini hufanya utando ubanduke. Osha, suuza, pitisha kwenye tindikali, kisha suuza tena. Nyuzi za bolti na nati ziachiwe nafasi ya utando.

Bolti za chuma kigumu sana hunywa haidrojeni wakati wa kupitishwa kwenye tindikali na umeme, zikaja kukatika ghafla zikiwa zimekazwa. Zioke mara tu baada ya kuvikwa, kwa saa kadhaa, kwenye nyuzijoto 190 hadi 220.

4. Afya na mazingira

Mvuke wa tindikali huunguza mapafu, na baadhi ya kemikali za kromu zinazotumika kumalizia utando wa zinki husababisha saratani. Maji machafu yakimwagwa katika Mto Lumemo huingia Mto Kilombero, kisha Rufiji. Bonde hili ni ardhioevu ya Mkataba wa Ramsar tangu 2002, na watu huvua na kulima humo.

5. Mapendekezo

Vijimeno tuvitie hapa Ifakara. Vifaa vya kuvikwa zinki tuvikusanye pamoja na kuvipeleka kwenye viwanda vyenye mitambo ya kusafisha majitaka. Kazi ndogo zitoshelezwe na rangi yenye zinki nyingi. Fundi asiye na mahali salama pa kumwaga tindikali asiinunue.