Kiyoruba na Ndugu Zake wa Mbali

Mswahili anayeishi London, akipita katika maduka ya Peckham ambako Wanigeria wengi hufanya biashara zao, huenda akasikia neno litakalomsimamisha. Muuzaji atataja wákàtí, mwenzake atataja àlàáfíà. La kwanza lafanana na wakati, la pili haliko mbali na afya. Ni rahisi mtu huyo kuondoka akiamini kwamba Kiyoruba na Kiswahili ni lugha ndugu, na kwamba ushahidi ameusikia kwa masikio yake.

Ni ndugu kweli. Lakini maneno hayo mawili si ushahidi wa undugu huo hata kidogo, kwani asili yake ni Kiarabu. Waswahili waliyapata kwa njia ya Bahari ya Hindi. Wayoruba waliyapata kutoka kaskazini, pamoja na Uislamu na misafara ya biashara, mengi ya namna hiyo yakipitia kwa Wahausa. Waliokwenda kuazima chungu katika nyumba moja hawawi ndugu kwa sababu hiyo. Na Wahausa wenyewe, ingawa wamechangamana na Wayoruba kwa karne nyingi, lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, ukoo wa Kiarabu, Kiamhari na Kisomali.

Undugu wa kweli mara nyingi umejificha. Kwa Kiyoruba, kufa ni kú. Msikilizaji atadhani ameuona undugu papo hapo, katika ile ku ya kufa. La! Hiyo ni kiambishi tu, ile ile ya kusoma na kulima. Mzizi ni -fa, na wataalamu wa lugha za Kibantu wameonyesha kwamba f hiyo hapo kale ilikuwa k iliyofuatwa na u. Wagikuyu wameihifadhi, husema gũkua. Wala badiliko hilo si la neno moja: Waswahili husema mafuta, Wagikuyu, ambao hapo wameilegeza k kuwa g, husema maguta. Badiliko moja lenye kanuni lina uzito kuliko maneno kumi yanayofanana kwa bahati. Hesabu nazo zashuhudia: tatu ni ẹ̀ta kwa Kiyoruba, atọ kwa Kiigbo, ita kwa Kiefik.

Ulinganisho huu ulianzia mahali pa uchungu. Freetown, Sierra Leone, ndiko Waingereza walikowashusha watu waliookolewa katika meli za watumwa. Mmoja alikuwa mvulana Myoruba, Samuel Ajayi Crowther, aliyefikishwa huko mwaka 1822, na ambaye mwaka 1843 alichapisha msamiati wa lugha yake. Mmishonari Mjerumani, Sigismund Koelle, aliketi na watu waliokombolewa hivyo, akawauliza mmoja mmoja maneno yale yale, na mwaka 1854 akachapisha orodha za lugha zaidi ya 100. Watu waliotekwa katika nchi zilizo mbali mbali walikuwa wamekusanywa katika mji mmoja, na biashara ile katili, bila kukusudia, ikawapa wanazuoni cha kulinganisha.

Mmarekani Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alizihesabu lugha za Kibantu kuwa tawi dogo tu la ukoo mkubwa wa Niger-Kongo, ambao Kiyoruba nacho kimo. Yeye alikiweka Kiyoruba katika kundi la Kwa. Waliomfuata wamekihamishia Benue-Kongo, kundi lenye Kibantu, na bado wanabishana juu ya mipaka yake. Jamaa wa karibu kabisa wa Kiyoruba ni Kiigala na Kiitsekiri. Kiigbo na Kiedo hufuata, na Kibantu kipo mbali zaidi.

Umbali huo wasikika. Kiyoruba kimepoteza ngeli zilizo uti wa mgongo wa Kiswahili: mtu ni ènìyàn, watu ni àwọn ènìyàn, neno lenyewe halibadiliki. Kiswahili nacho kimepoteza toni, ambazo Myoruba hawezi kuzungumza bila ya hizo. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọ̀kọ̀ ni mkuki, na ni sauti kupanda au kushuka tu itakayomwambia msikilizaji kilichotajwa ni kipi.