Mgeni Aliyefunguliwa Mlango



Hapa Embu hatujasahau Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya Korona. Wako waliozika wazazi wao bila kwaya, waombolezaji wakihesabiwa.

Kirusi kile hakina miguu wala pumzi. Ni ujumbe tu, uliofungwa ndani ya ngozi ya mafuta. Ndiyo maana sabuni ilikiweza. Ngozi hiyo ina miiba. Mwiba ukikutana na kitasa kiitwacho ACE2 juu ya chembe ya mapafu, hushika kama ufunguo. Kisha kimeng'enya cha mwili wetu wenyewe (ajabu hiyo!) huukata mwiba, ngozi mbili zikaungana, na ujumbe, yaani RNA, ukaingia ndani. Chembe haiulizi umetoka kwa nani. Huusoma, huutii, na kuzaa virusi wengi hadi yenyewe inakufa.

Katika Yoshua 9, Wagibeoni nao hawakuvunja ukuta. Walikuja na mikate mikavu na viatu vilivyochakaa, na Israeli wakawaapia bila kumwuliza Bwana. Chembe ya mapafu haina wa kumwuliza. Sisi tunaye. Lakini uchongezi juu ya jirani hufika mlangoni umevaa vazi la ombi la maombi, nasi tukaupokea, na kabla ya Jumapili umekwisha kuzaa nyumba kumi.

Ndugu yangu, juma hili ni nani aliyekuletea habari, nawe ukampelekea nani?

Tuombe.