Mtoto Akitumbukia Mtoni

Leo tuzungumzie mtoto na mto. Utasikia mtu akisema, "Akitumbukia mtoto, tutaita polisi." Haya, tuanze na polisi hao.

Mjini London, Uingereza, kuna polisi ambao kazi yao ni mto Thames. Kikosi hicho kilianza mwaka 1798 mtaani Wapping. Mwanzo walilinda shehena za meli zisiibwe, lakini kazi ya kuokoa watu na kuopoa maiti iliwafuata. Tarehe 3 Septemba 1878, meli ya abiria Princess Alice iligongana na meli ya makaa ya mawe ikakatika. Watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wao akina mama na watoto waliotoka matembezini. Ukingo haukuwa mbali! Polisi wakati ule walikuwa na mashua za makasia. Baada ya msiba huo ndipo walipokuja kupewa mashua za mvuke.

Hata boti ya injini huchukua muda kufika, na ubongo wa mtoto aliyekosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Kwa hivyo anayemwokoa mtoto mara nyingi ni mtu aliye pale pale ukingoni. Mnakumbuka Aprili 2024, mto Mathare ulivyofurika jijini Nairobi ukachukua nyumba na watu. Usiku kama huo usingoje boti. Wahamishe watoto mapema, maji yakiwa bado chini.

Sasa mama, mtoto ametumbukia. Piga kelele watu waje, na mmoja apige simu 999 au 112. Usijitupe majini, hasa kama hujui kuogelea, kwani wengi huzama wakijaribu kuokoa. Lala kifudifudi ukingoni umnyoshee mti au leso. Akiwa mbali, mrushie mtungi mtupu wa lita 5 uliofungwa kifuniko vizuri na kufungwa kamba. Unaelea, naye ataushika.

Akishatolewa, tafadhali usimning'inize miguu juu wala usimkamue tumbo, ingawa wazee wengi tumewaona wakifanya hivyo. Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, utazame kama anapumua. Kama hapumui, mpulizie pumzi 5, ukiziba pua yake. Akiwa mchanga, funika mdomo na pua pamoja kwa mdomo wako. Kifua kiinuke. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa haraka, kishuke thuluthi moja ya unene wake, halafu pumzi 2. Endelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili.

Na si mto peke yake. Mtoto anayetambaa huweza kuzama katika beseni la kufulia au ndoo, na hazami kwa kelele kama katika sinema. Huzama kimya, wewe ukiwa umegeuka kuanika nguo. Mwaga maji ukimaliza, na pipa lifunikwe.

Akizinduka na kulia, mvue nguo zilizolowa, mfunike, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama anacheza. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.